Lumumba na feza ya watu ku posita

Kila mwaka tarehe 17 Januari ikifika, sisi wa Kisangani tunasimama kidogo. Redio zinarudisha sauti yake, wazee wanaketi mbele ya nyumba na kuhadisia watoto namna Patrice Emery Lumumba alipitaka mu barabara za mji huu. Sisi wa sendika pia tunafanya mkutano wetu ile siku. Mwaka huu mkutano uliharibika, na jina lake ndilo liliuharibu.

Tulikuwa tunazungumza juu ya kese yetu ya kusaidiana, ile yenye kila mchimbaji anatia kitu kidogo mwisho wa mwezi juu ya ugonjwa na kilio. Wajane wawili walikuja kuomba haki yao, kese ikakutwa tupu. Kasiye alikuwa anachukua kidogo kidogo, miezi mingi, na buku lake lilikuwa safi kwa macho. Tulipomwomba aeleze, rafiki yake akasimama na kutukumbusha kwamba hata Lumumba alikula feza ya posita hapa hapa Kisangani, na leo jina lake liko ku barabara. Wengine walicheka. Wengine walikasirika, wakasema huo ni uongo wa Wabeleji. Makelele yakapanda, na wajane wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Ndiyo maana tunaandika. Wale wenye walicheka na wale wenye walikana, wote walikuwa na kipande kimoja tu cha hadisi. Haiko uongo wa Wabeleji. Lumumba alichukua kweli feza ya wateja wa posita, akahukumiwa, akaingia boloko. Lakini mtu mwenye anataka kujifunika na jina lake, asome hadisi mpaka mwisho.

Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 ku Onalua, kijiji cha Watetela mu teritwari ya Katako-Kombe, Sankuru. Baba yake, François Tolenga, alikuwa mlimaji. Mtoto alisoma kwa Waprotestanti, akasoma kwa Wakatoliki, lakini shule kubwa hakufika. Mengi yenye alijua, alijifundisha mwenyewe na vitabu vya kuazima. Sisi wenye tuliishia sekondari tunajua hiyo njia: unasoma usiku, kesho unaenda kazi.

Akiwa kijana alitoka kwao akaelekea Maniema. Kule alifanya kazi muda kidogo ku kampuni ya Symétain, Kalima, pale wanachimba kasiterite. Kwa hiyo, ndugu wachimbaji, hata yeye alikulaka mkate wa madini mbele ya kufika kwetu. Mwaka 1944 alifika Stanleyville, ndiyo jina la Kisangani wakati ule, akaanza kazi ya ukarani wa serikali. Mwaka 1947 walimtuma Léopoldville ku shule ya posita. Alifaulu. Alitumika Yangambi, kule chini ya mto, kisha akarudi Stanleyville. Mwaka 1951 alioa Mama Pauline Opango.

Mu ile miaka, ukiuliza mu mji nani anajua kusema na kuandika kwa niaba ya watu weusi, wangekuonyesha yeye. Aliandika mu magazeti ya Wakongomani. Alikuwa mu chama cha evolue, ni kusema watu weusi wenye walisoma na wenye koloni ilitaka waishi sawa wazungu. Alikuwa mu chama cha wafanyakazi wa posita. Na jambo lenye vijana wengi hawajue: mwaka 1955 alikuwa mkubwa wa APIC hapa Stanleyville. APIC ilikuwa sendika ya watumishi weusi wa koloni. Ni kusema alikuwa delege, sawa sisi.

Na vita ya APIC ilikuwa nini? Mshahara. Karani mweusi na karani mzungu waliweza kuketi mu biro moja na kufanya kazi moja, lakini mwisho wa mwezi mzungu alilipwa mara nyingi kuliko mweusi. APIC iliomba sheria moja kwa wafanyakazi wote: kazi moja, mshahara mmoja. Wachimbaji wetu wenye walitumika pembeni ya wageni ku shantiye wanajua ile maumivu, na hawana lazima ya kuelezwa.

Tena koloni ilikuwa na mtego mwingine. Ilimwambia mtu mweusi: ukisoma, ukiishi sawa Mbeleji, tutakupa karte ya kukutenganisha na wengine. Lumumba aliomba ile karte ya imatrikilasio, wakamkatalia kwanza, akaipata mwaka 1954. Wachache sana mu Kongo yote waliipata. Walikuja ku nyumba ya mtu kuangalia kama anakula ku meza, kama bibi yake anaishi namna wazungu wanapenda. Sasa hesabu mwenyewe: suti, viatu, vitabu, meza, viti, wageni, ndugu wa kijiji wenye wanasikia kwamba umekuwa mkubwa. Heshima yote ya mzungu, na mshahara wa mweusi. Mwaka 1955 mfalme Baudouin wa Ubeleji alipita Stanleyville, na Lumumba alisema naye. Mji wote ulimwona. Kesho yake alirudi ku meza yake ya posita.

Ile meza ilikuwa ya sheki za posita. Vijana wa leo wenye wanatuma feza na telefone wataelewa haraka. Mteja anafungua konti ku posita, anatia feza yake, na anaweza kulipa mtu wa mbali kwa karatasi, bila kubeba noti mu mto na mu pori. Feza inabaki ku posita. Mteja anabaki paka na karatasi. Kati ya feza na karatasi kuko karani mwenye anaandika. Mteja hamwoni akiandika. Anamwamini tu.

Pale ndipo Lumumba alianguka. Haikuwa mara moja. Alichukua mara kwa mara, mpaka jumla ikafika karibu falanga 126,000. Kwa karani mweusi wa wakati ule, hiyo ilikuwa feza mingi sana.

Tuseme hapa namna kese yoyote inaliwa, kwa sababu kazi yetu ya sendika imetufundisha. Hakuna mwenye anaamka asubuhi na kusema leo nitakuwa mwizi. Anasema: nitaazima, nitarudisha ku mshahara. Mshahara unafika, unakuwa mdogo kuliko deni. Sasa mteja wa kwanza anakuja kuomba feza yake. Karani anamlipa na feza ya mteja wa pili. Wa pili akija, anamlipa na ya wa tatu. Tundu haliishi, linahama tu kutoka jina moja kwenda lingine, na kila mara linapanuka kidogo. Ku buku kila kitu kinaonekana sawa. Na mwenye anaandika hawezi kuugua, hawezi kwenda konje, kwa sababu ile siku mwingine atakaa ku meza yake na kufungua buku, siri itatoka.

Mwaka 1956 Lumumba alialikwa Ubeleji na Wakongomani wengine, kuangalia inchi. Aliporudi, mwezi wa 7, walimkamata. Mtu mwenye alikuwa ametoka kupokelewa na wakubwa Brussels aliingia boloko ya Stanleyville. Fikiri Mama Pauline na watoto, fikiri majirani, fikiri wanachama wa APIC asubuhi ile. Sisi tumeona asubuhi ya namna ile mwaka huu, na haifurahishi mtu.

Na hapa, ndugu zetu wenye mnapenda kutaja jina lake juu ya kujitetea, fungueni masikio. Lumumba hakukana. Hakusema ni wachawi, hakusema ni kabila fulani linamwonea. Alikubali kwamba alichukua. Alieleza mshahara mdogo na maisha yenye koloni ilimwomba aishi. Feza ilirudishwa. Hukumu ya kwanza ilikuwa miaka 2, ikapunguzwa, kwa sababu kati ya mengine feza ilikuwa imerudi. Lakini boloko aliifanya kweli, zaidi ya mwaka mmoja, na kazi ya serikali aliipoteza. Alitoka mwaka 1957.

Mu boloko aliandika kitabu kizima juu ya Kongo na namna weusi na wazungu wangeweza kuishi pamoja. Kilitoka mwaka 1961, yeye akiwa amekwisha kufa. Mwenye anakisoma anakuta mtu mwenye bado anaomba koloni kwa upole. Upole uliisha baadaye.

Kisha boloko alihamia Léopoldville, kwa sababu kukaa Stanleyville na ile sifa ilikuwa nguvu. Alipata kazi ya kuuzisha bia ya Polar. Watu wengine wanacheka hapa, lakini ile kazi ilimtembeza mu cité yote, baa kwa baa, na watu wakajua sauti yake. Mwezi wa 10 mwaka 1958 alianzisha MNC pamoja na wengine. Mwezi wa 12 alikuwa Accra, ku mkutano wa Waafrika wenye Kwame Nkrumah aliita. Kutoka pale hakuomba tena kwa upole, aliomba uhuru.

Na alirudi kwetu. Mwezi wa 10 mwaka 1959 MNC ilifanya mkutano wake hapa Stanleyville. Askari walipiga watu, wengi walikufa, na Lumumba akafungwa tena. Lakini tofauti mnaiona? Mara ya kwanza alifungwa juu ya feza ya watu. Mara ya pili alifungwa juu ya watu wenyewe. Mji ulijua kutenganisha hizo mbili. Mu uchaguzi wa mwezi wa 5 mwaka 1960, chama chake kilipata viti 33 ku 137, kuliko chama kingine chochote, na ngome yake ilikuwa Stanleyville. Watu wenye walimpigia kura walijua kabisa hadisi ya posita. Wengine kati yao pengine walikuwa na konti pale. Walimsamehe, sababu alikuwa amelipa.

Maadui hawakusamehe. Alipokuwa mkubwa wa serikali, magazeti ya Ubeleji yalirudia kila mara: mwizi wa posita, mtu wa boloko. Walisahau Lumumba wa APIC, wa Accra, wa tarehe 30 Juni, wakashika paka ile karatasi ya tribinali. Haikuwa kwa kupenda wateja wa posita, hapana. Hao hao walinyamaza tarehe 11 Julai 1960, wakati Katanga ilijitenga na Union Minière ikaanza kulipa kodi ya shaba kwa Tshombe, ikiacha kese ya Kongo bila chakula. Ile feza ilikuwa ya inchi nzima, na hakuna muzungu wa Union Minière mwenye alilala boloko juu yake. Sisi watu wa madini tunapashwa kukumbuka hiyo hesabu pia. Falanga 126,000 zilimfunga karani. Mamilioni ya shaba hayakumfunga mtu.

Hata hivi, hiyo haifute ile. Hapa tunatofautiana na wandugu wengine mu sendika. Wao wanasema koloni iliiba zaidi, basi mweusi kuiba kidogo haiko kitu. Sisi tunauliza: ile feza ya konti ilikuwa ya koloni? Ilikuwa ya wateja, watu wenye walikuja na kuiweka mu mikono ya karani. Mshahara mbaya alilipwa na serikali, lakini tundu alilichimba mu feza ya mtu mwingine. Ukinyimwa haki na mukubwa, unapigana na mukubwa. Hauende kujilipa mu mfuko wa jirani.

Mwisho wake kila mtu anaujua. Tarehe 5 Septemba 1960 Kasa-Vubu alimfukuza, kisha Mobutu akakamata madaraka, na Lumumba akafungiwa mu nyumba Léopoldville. Tarehe 27 Novemba alitoroka, na mahali alikuwa anakimbilia ni hapa, Stanleyville, ku watu wake. Hakufika. Walimkamata Lodi, ku mto Sankuru. Tarehe 17 Januari 1961 walimpeleka Katanga, wakamwua usiku pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, si mbali na Élisabethville. Mwili waliuharibu na asidi. Jino moja ndilo lilibaki, lenye polisi mmoja wa Ubeleji alijichukulia. Lilirudi mwezi wa 6 mwaka 2022. Wakati sanduku lilipita Kisangani tulitoka sote, wachimbaji wa Banalia na Bafwasende wenye walikuwa mu mji, ba-mama wa soko, wanafunzi. Mzee mmoja wa posita alilia sawa mtoto.

Tangu alipotoka boloko ile ya 1957 mpaka kifo, hakuna hukumu nyingine ya feza juu yake, hata kama maadui walitafuta sana. Alianguka, akakubali, feza ikarudi, akabadilika. Kipande cha mwisho ndicho kinasahauliwa na wale wenye wanatumia jina lake mu mikutano.

Sasa turudi ku kese yetu. Wiki mbili kisha ule mkutano tuliita mwingine. Tulisoma hii hadisi yote mbele ya watu, namna mnaisoma hapa. Kisha tukaangalia makosa yetu wenyewe, sababu kasiye hakuwa peke yake mwenye kosa. Sisi ma-delege tulimwachia kese, funguo, na buku, vyote mu mkono mmoja. Tulikuwa tunaona ni heshima. Tulikuwa tunaona kwamba kuomba buku ni kumtukana. Miaka mitatu hakuna mwenye alihesabu. Na huyu mtu tulijua alikuwa na mtoto mgonjwa na hakulipwa na kampuni miezi mingi, tukamwacha na njaa pembeni ya feza ya watu, kisha tukashangaa.

Kwa hiyo tumeamua hivi. Funguo mbili, mu nyumba mbili. Hakuna feza inatoka bila saini ya watu wawili, na mmoja wao hapaswe kuwa ndugu wa kasiye. Kila mwezi buku linasomwa kwa sauti mbele ya wanachama, jina kwa jina, na kila mtu analinganisha na karatasi yake. Kasiye anapumzika mwezi mmoja ku mwaka, na mwingine anaketi ku nafasi yake. Mwenye kese akiwa na shida, anasema mbele, na tunamkopesha waziwazi kwa kuandika. Hii haiko kumchukia mtu. Kama kuko mtu alikuwa na akili na moyo mu mji huu, ilikuwa Lumumba, na yeye pia alianguka alipobaki peke yake na feza ya watu na buku lenye hakuna mwingine alisoma.

Tena kuko sababu nyingine, yenye inatuhusu sisi wa sendika kuliko wote. Kesho tutaketi mbele ya kampuni kuomba mshahara. Kitu cha kwanza watatafuta ni buku letu. Wakikuta tundu, hawatajibu tena juu ya mshahara. Watasema: hawa wezi wanatafuta nini? Ndivyo walifanya kwa Lumumba, naye alikuwa na haki mara kumi kuliko wao.

Kasiye wetu alisimama. Alichelewa kusema, lakini alisema. Hatukumpeleka ku polisi. Wanachama walipiga kura, wakamwambia arudishe kila mwezi, na asishike tena kese. Wengine kati yetu hawakupenda, wanaona tulikuwa laini. Pengine wana haki. Tutaona.

Mpaka leo feza ya mjane wa kwanza imerudi yote, amelipa shule ya watoto. Ya mjane wa pili imebaki nusu. Mkutano unaofuata tutasoma buku tena, na jina lake litasomwa la kwanza.